Beseni la Chara: Maisha ya Nehemia Jilo, 1961–1999

(Yamesomwa na dada yake, Debora Jilo. Ngao, Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1999)

Mchungaji, mama yetu, mjomba Komora, na nyote mlioacha mashamba yenu leo. Najua mnakitazama kiti kile kitupu cha mjane. Nitakifikia. Kwanza tumsikilize marehemu, na nawaomba asile mtu chochote kabla sijamaliza.

Ndugu yetu Nehemia alizaliwa hapa Ngao tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa marehemu mzee Jilo. Mama husema alizaliwa na maswali. Kila alichopewa alikigeuza chini juu kwanza, hata ugali.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani na sekondari huko Hola, kisha mwaka 1981 akaenda Nairobi kusomea kazi ya maabara. Alirudi mwaka 1984 na cheti, koti jeupe na tabia mpya ya kunusa maji kabla ya kuyanywa. Tulimcheka sana.

Januari 1985 aliajiriwa katika kituo cha afya huko Garsen, na hakuhama tena. Kazi yake ilikuwa kutazama kwa darubini yale ambayo wengine hatutaki hata kuyataja mezani. Watu wakamwita Bwana Kiberiti, kwa kuwa choo cha kupimwa kililetwa ndani ya kiberiti kitupu. Siku moja alifika mzee na kopo la mafuta ya kupikia, limejaa pomoni. "Hiki ni cha nyumba nzima, daktari," akasema. "Sote twaumwa tumbo moja, basi nimechanganya, upime mara moja tu." Nehemia alikisimulia kisa hicho kila Krismasi, na kila Krismasi alikuwa wa kwanza kucheka.

Hata mkewe, Eunike, walijuana hivyo hivyo. Alifika kupimwa, kiberiti chake amekifunga kwa kitambaa cha kutarizi. Nehemia alikifua kitambaa kile, akakipiga pasi, akampelekea mwenyewe hadi kwao. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu.

Kisha yakaja mafuriko ya mwisho wa mwaka 1997. Maji yaliingia vyooni, yakatoka humo yakaingia visimani, na yalipopungua yakatuachia ugonjwa wa kuhara damu. Dawa mbili za kwanza hazikugusa kitu. Mwaka uliofuata daktari mgeni alimletea Nehemia nakala ya picha iliyopigwa ng'ambo, kwa darubini yenye nguvu mara nyingi kuliko yake. Ilionyesha kidudu kilicho jamaa ya kile cha homa ya matumbo, na mwilini mwake zimesimama sindano. Daktari akamwambia kuwa kidudu cha kuhara damu kina silaha ya namna hiyo hiyo.

Aliibandika ukutani, akaanza kutueleza, tutake tusitake. Kidudu kikifika kwenye utumbo, alisema, huichoma chembe ya mwili kwa ile sindano na kupenyeza ndani vitu vyake. Chembe ikishachomwa, inajikunjua yenyewe na kukimeza. Humo ndani kinazaana na kuhamia chembe ya jirani bila kupita nje. Mwili unapokuja kupigana nacho ndipo ukuta wa utumbo unapochanika. Na aina iliyotujia sisi, zaidi ya hayo, ina sumu inayoharibu figo. "Hakivunji mlango, Debora," aliniambia. "Kinamfanya mwenye nyumba afungue."

Tena havihitajiki vingi. Vidudu visivyofika mia vinatosha kumlaza mtu mzima, na tone moja la maji mkononi laweza kubeba maelfu. Tangu hapo kaka yangu hakucheka kama zamani. Alitembea na mkebe wa maziwa alioutoboa tundu kwa msumari, akiutundika kila penye msiba au harusi, ili maji yapite mikononi na kwenda zake. Adui yake hasa alikuwa beseni. Beseni letu tunalijua: maji ni yale yale, linaanza kwa wazee, linazunguka, na wa mwisho ananawa mikono ya watu arobaini.

Jumamosi tarehe 7 Agosti alikwenda Chara, kwenye matanga ya mjukuu wa mjomba Komora, aliyekufa kwa kuhara damu. Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Mkebe ulikuwa mkobani, hajapata nafasi ya kuutundika. Beseni lilipomfikia alisita, na wote wakaona.

"Nehemia," mjomba akasema, "jana nimezika. Leo wayakataa maji tuliyonawa sisi?"

"Siyakatai, mjomba."

Akanawa. Akala.

Jumanne tumbo lilianza. Kufikia Alhamisi, watu wanane waliokula pale walikuwa wakihara damu, mjomba mmoja wao. Nehemia alijipima mwenyewe na kuandika majibu yake kwa mkono wake katika daftari la maabara. Tarehe 15 mkojo ulikoma, tukampeleka hospitali ya Malindi uso umemvimba. Jumatano aliniambia, "Nilijua, Debora. Nilishindwa tu kumwaibisha mjomba." Kesho yake, Alhamisi tarehe 19, saa nne asubuhi, alifariki. Alikuwa na miaka 38.

Nilimkasirikia mjomba, na Nehemia nilimkasirikia zaidi. Hasira hiyo ningali nayo. Jana nilipokuwa nikiandika haya nilitaka kuiruka habari ya beseni. Mjomba alikuja akaketi karibu nami, akasema, "Iandike, mwanangu. Na jina langu uliweke." Nimeliweka.

Beseni la nyumba hii nimelitoboa kitako kwa msumari wa Nehemia. Mikebe minane imetundikwa uani, na sabuni ipo. Anayeona ni dharau anitafute mimi.

Marehemu ameacha mama yetu, mkewe Eunike, ndugu wanne, na watoto watatu: Jilo, Yonathani na Dina.

Haya ya mwisho, na yale niliyoyasema mwanzo kuhusu kiti, hayamo katika karatasi mlizoshika. Nimeyaongeza kwa kalamu. Karatasi zilipochapwa jana, Dina, mwenye miaka minne, alikuwa akicheza hapo nje. Leo asubuhi Eunike aliona damu. Hakungoja kumzika mumewe. Amembeba mtoto, wako njiani kwenda Malindi.

Mungu amlaze Nehemia mahali pema, na Dina atuachie.