Ile ya Mabegani

Basi lilipoondoka tu stendi, bibi mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa keshatega sikio. Mbele yake mshonaji, mama mjane, alikaa na wanawe wawili, binti na mdogo wake wa kiume, na kando yao fundi baiskeli wasiyemjua.

"Baba alinibeba mabegani, nikagusa taa ya barazani!" mdogo alimwambia fundi, kifua mbele.

Mama akanong'ona, "Huyu alikuwa bado tumboni baba yake alipofariki."

"Na unamwachia uongo huo, dada?" fundi naye alinong'ona.

"Uongo gani, kaka? Aliyebebwa ni dada yake. Huyu alikuwa akilia hana lake la kusimulia, dada akamgawia hiyo ya mabegani."

Bibi aliguna. Watoto wake yeye waligombania hata kipande cha sabuni.

Fundi akamgeukia binti. "Na wewe umebaki na nini?"

"Nina ile ya baba kunifungia viatu huku akiimba vibaya. Hiyo simpi mtu!"

Bibi, mpenda vitendawili, alijiuliza ni kitu gani hugawiwa bila kumegwa. Jibu likampiga chenga.

"Siku huyu akijua je?" fundi alikazana kumnong'oneza mama.

"Atajua ana dada."

"Mimi bado sijakubali," fundi alisema, akinyanyuka, maana basi lilikuwa linasimama. Mlangoni akageuka. "Haya, bwana mdogo. Huko mabegani, nywele za baba zilikuwaje?"

Mdogo akamtazama dada yake. Dada akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Ngumu!" mdogo akapaza sauti, akicheka. "Zinatekenya!"