Fimbo ya Chuma ya Mwalimu Fabiani

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi hapo mlipo, jikoni, dukani au shambani. Leo tunamkumbuka Mwalimu Fabiani Teodori wa Sigino, tuliyemzika Jumamosi.

Fabiani alipima ardhi iliyoganda. Narudia: ardhi iliyoganda. Mwaka 1982, sisi hapa Babati tukipanga foleni ya sukari na sabuni, yeye alipelekwa kusoma Urusi, kaskazini kabisa. Huko, chini ya nyasi fupi, udongo umeshikwa na barafu miaka na miaka. Kiangazi jua halizami. Alisema unatembea kama uko ndotoni, na ardhi imelala chini ya miguu yako.

Kazi yake ilikuwa kuchoma fimbo ya chuma ardhini mpaka iguse barafu, kisha kuandika kina chake kwenye ramani. Kazi hiyo aliijua. Baba yake, mzee Teodori, mvua za kwanza zikinyesha alichoma fimbo shambani kuona unyevu umefika wapi, ndipo apande mahindi. "Usisukume," alimwambia. "Fimbo ikikataa, umefika."

Mwaka wa kwanza fimbo ilikataa kina cha goti. Mwaka wa tatu, mahali palepale, ilipita goti kwa vidole vinne. Barafu ilikuwa inashuka. Msimamizi wake akacheka: "Wewe una mkono wa jembe, umeisukuma! Andika kama mwaka juzi, upate cheti."

Fabiani akaandika alichokipima. Akarudishwa bila cheti.

Dada yake Natalia, Mama Romana, anasimulia: "Aliporudi, majirani walijaa kutazama sanduku lake. Walitegemea sabuni. Ikatoka fimbo! Mmoja akasema, 'Mama Fabiani, hicho chuma ndicho utakachofulia?' Mama hakucheka. Akamwuliza, 'Uliandika kweli?' 'Kweli, mama.' 'Haya, nawa mikono ule.'"

Alirudi kufundisha hesabu shuleni Maisaka. Miaka ikapita, barua ikaja kutoka Urusi: dunia inapata joto, ardhi kule imelegea, nyumba ya wapimaji imepinda. Hakushangilia. Aliwasha mshumaa kanisani, akawaombea wanaolala mle.

Jumamosi, kabla jeneza halijashuka, Natalia alichoma ile fimbo kando ya kaburi. Taratibu. Hakusukuma. Ilipokataa, akaweka kidole pale ilipokutana na ardhi, akatuonyesha sote.

Pole sana Mama Romana. Poleni nyumba yote ya mzee Teodori, Bwana awashike mkono. Nasi wasikilizaji wapendwa, tujiulize: mara ya mwisho tulipoulizwa, tuliandika tulichokipima?

Jibuni huko mlipo.