Vidonge Ndani ya Kikapu cha Kahawa

Wasikilizaji wapendwa, mnaomenya ndizi wekeni kisu chini kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Renatha Rutaihwa wa Kanazi. Amezikwa Jumanne, akiwa na miaka sitini na mitatu. Saratani ndiyo iliyomchukua. Vidonge vilijaribu kumchukua miaka sita iliyopita, vikashindwa.

Mumewe, mzee Damian, alipofariki, Mama Renatha aliacha kula vizuri. Akaacha hata kuchuma kahawa. Hospitali mjini Bukoba wakamwambia ni sonona, wakampa vidonge. Akaona aibu. Kwaya yake nzima kanisani ingesema amerukwa na akili! Akavificha ndani ya kikapu cha akamwani, zile kahawa kavu tunazowatafunisha wageni, akawa anavimeza kwa siri.

Mdogo wake, Celina, hakujua. Naye akaenda kwenye duka la dawa Kemondo. Muuzaji hakuuliza mgonjwa anatumia nini. Akampa dawa nyingine ya sonona. "Hii inachangamsha, mama. Changanya kwenye chakula."

Kwenye chakula! Kama chumvi! Celina akaiponda ndani ya ebitoke, ndizi za kupika za dada yake, kila siku.

Narudia, wasikilizaji: dawa mbili za sonona, mwili mmoja, na hakuna aliyejua.

Siku ya tano mikono ikaanza kutetemeka. Jasho, homa, miguu inarukaruka, moyo mbio. Majirani wakasema mapepo. Celina, kwa upendo wake wote, akaongeza dawa.

Kilichomwokoa ni ulafi wa kahawa. Mpwa wao Kemilembe, muuguzi huko Muleba, alikuja kumjulia hali. Akajipakulia akamwani mwenyewe, mkono ukatoka na vidonge.

"Shangazi, siku hizi wageni mnawatafunisha hivi?"

Renatha akageukia ukutani. Celina akafungua pindo la kanga yake polepole, akatoa vidonge vya Kemondo.

"Waitu, jamani, na hivi navyo?"

Kemilembe akampeleka hospitali, wakasimamisha vyote. Homa ilishuka siku ya pili, lakini mikono ilitetemeka wiki tatu. Celina anakumbuka: "Nilimlisha uji kwa kijiko. Akaniambia, 'Onja wewe kwanza.' Akacheka. Mimi nikalia." Baadaye daktari alimrudishia dawa moja, kwa uangalizi. Msimu uliofuata alichuma kahawa.

Kisha akaenda Kemondo. Muuzaji akamchekea. "Si umepona, mama?"

"Nimepona mkono wako," akamjibu.

Duka lile bado liko wazi, wasikilizaji. Limepakwa hata rangi mpya. Aibu haikununuliwa, rangi imenunuliwa.

Tangu hapo Mama Renatha alitembea na karatasi yenye majina ya dawa zake zote. Aliomba isomwe mazishini. Celina akaisoma kaburini, jina kwa jina, mbele ya padri na kwaya. Alipomaliza, mwanakwaya mmoja, mama mtu mzima, akamsogelea, akafungua pochi yake. "Celina, nisomee na hivi vyangu."

Poleni sana, Celina, Kemilembe na familia yote ya Rutaihwa. Apumzike kwa amani.

Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjarudi kwenye ndizi: nyumbani kwenu kikapu kinaficha nini? Kimwageni mezani leo, kila mtu aone, kisha mpelekeeni daktari.