Pikipiki ya Marehemu Yawaka

Anagha alikuwa amepanga kusinzia ndani ya basi mpaka mjini Pune, lakini mzee wa kiti cha mbele alinusa mara mbili, akamgeukia mama aliyekaa kando ya Anagha. "Dada, umepanda na petroli humu?"

"Ni mikono yangu, kaka. Leo asubuhi nimeiwasha pikipiki ya marehemu mume wangu. Mafundi walishaiita chuma chakavu."

"Tatizo kabureta," mzee alisema, kana kwamba ameulizwa.

"Niliisafisha, ikakohoa ikazima. Nikabadilisha plagi, ikazima tena. Ndipo nikafungua bomba la moshi. Kumbe panya wamejenga humo kwa vitambaa vya blauzi ninazoshona! Nilipovitoa nikapiga kiki moja tu, ikanguruma mpaka jirani akaunguza chapati."

Anagha alicheka, usingizi ukamwisha.

"Bahati tu hiyo," mzee alisema. "Mlimani itakuzimikia. Iuze mapema."

"Niiuze, na ndiyo kwanza imefufuka?"

"Sasa nani ataiendesha?"

Basi lilisimama. Mama aliiweka sari yake vizuri, akateremka, akajiunga na foleni ya mtihani wa leseni ya udereva.

Mzee akatoa kichwa dirishani. "Kwa umri huo, dada?"

"Ingiza kichwa, kaka! Kesho nakupita barabarani."