Mzee Keria Anastaafu, kwa Mara ya Tatu

Baada ya kuitumikia idara yetu ya kusafirisha sampuli za maabara kwa miaka thelathini na mmoja, fundi wa karakana ambaye sote tunamwita Mzee Keria anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Msomaji mwenye kumbukumbu atasema sentensi hii ameshaisoma. Ni kweli, ameisoma. Niliiandika mwaka juzi, nikaiandika tena mwaka jana, na mara zote mbili keki ililiwa, hotuba zikatolewa, watu wakapiga makofi, halafu Jumatatu asubuhi mstaafu akaonekana amepiga magoti nyuma ya pikipiki, spana mkononi, kwa sababu ameombwa asogeze siku mbele kidogo. Saa ya ukutani tuliyomzawadia mara ya kwanza imeshabadilishwa betri. Mimi ni mtunza stoo, na kazi ya kuandika mambo haya huniangukia mimi kila mwaka. Nasema bila kuficha kwamba nimechoka kumuaga mtu asiyeondoka. Yeye mwenyewe amechoka kuliko mimi.

Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Wakati huo damu na makohozi ya wagonjwa yalitoka zahanati za mbali kwa njia yoyote iliyopatikana, mara nyingi ndani ya mfuko uliopakatwa na mtu anayesinzia. Pikipiki za kwanza zilipoletwa, ndogo na nyepesi, zilikuja na keria tupu nyuma, na masanduku yakaja kivyake, bila maelezo yoyote. Wakubwa wakatazamana. Yeye akaomba drili. Tangu siku hiyo hakuna sanduku lililopanda pikipiki ya idara hii bila kupita mikononi mwake.

Asiyejua atadhani kufunga sanduku kwenye keria ni kukaza bolti nne ukaenda zako kunywa chai. Mzee Keria hatoboi tundu mpaka dereva mwenyewe akae kwenye siti, na koti lake la mvua na kofia yake, ajifanye anaendesha. Hapo ndipo anapochora alama kwa chaki. Sanduku lazima lisogee mbele kadiri inavyowezekana, kwa kuwa likikaa nyuma sana gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza. Lisizibe taa ya nyuma. Chini yake anaweka bamba la chuma, na katikati vipande vya tyubu kuukuu ili mtikisiko wa barabara usiipasue plastiki. Akimaliza analikamata sanduku kwa mikono miwili na kulitikisa kwa hasira, utadhani limemtukana. Likicheza hata kidogo anafungua yote na kuanza upya, na dereva mwenye haraka atajua mwenyewe pa kuipeleka haraka yake.

Katika miaka yote hiyo sanduku moja tu liliwahi kudondoka njiani, na lilidondoka pamoja na keria yake. Bolti zilikuwa zimeshika vilevile, kilichokatika ni chuma cha pikipiki. Mzee alilipokea mlangoni, akazitazama bolti zake, akatabasamu siku nzima.

Hata hivyo, na mwenyewe ameridhia liandikwe, aliwahi kuchemsha vibaya sana. Zilikuja pikipiki za aina ambayo tangi la mafuta liko chini ya siti. Mzee Keria, kwa imani yake ile ya kusogeza mbele, aliyasogeza masanduku mbele haswa, yakaibana siti hata kidole hakipiti. Sote tukasifu, kazi safi! Pikipiki zikatoka zimejaa mafuta, na kesho yake mchana simu zikaanza kumiminika. Siti hazinyanyuki. Madereva wamesimama kwenye vituo vya mafuta, pampu iko hapo, mafuta yapo, tangi halifunguki, na watu kwenye foleni wanapiga honi. Dereva wetu mnene, tunayemwita Tinga, alivuta siti kwa nguvu zake zote akabaki na kipande mkononi. Ikabidi Mzee Keria azungushwe mji mzima kwa gari la ofisi akiyarudisha masanduku nyuma, maana kwenye pikipiki zetu hakuna pa kupakia mtu, sanduku limeshakaa. Aliporudi aliketi juu ya ndoo. Kisha akaanza kucheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, nasi tukacheka, ingawa simu za malalamiko zilikuwa bado zinaita ofisini.

Kicheko kipo, lakini mwili nao una hesabu zake. Keria iko chini, na anayeifunga lazima apige magoti kwenye saruji. Siku hizi Mzee akitaka kusimama huishika pikipiki kwanza, anapumua, ndipo anajivuta. Kiuno kimekwisha. Mwaka jana, alipoongezewa muda kwa mara ya pili, mkewe alikuja mwenyewe kwenye dirisha la stoo. Alizungumza kwa upole mno, na upole ule uliniumiza kuliko kama angefoka. Akanieleza kwamba mume wake akifika nyumbani hawezi kujivua viatu, kwamba binti yao mkubwa amewatengea chumba kwake na kila mwaka anakifagia akiwasubiri. “Wifi,” akaniambia, “mimi nikimwambia apumzike anaitikia. Nyinyi mkimwita, anakuja. Sasa mimi nifanyeje?” Nilizipeleka habari hizo kwa Mkuu wa Kitengo siku hiyohiyo. Mkuu akasema anaelewa kabisa, tena kwa uchungu, na akaomba miezi michache tu.

Basi na safari hii ilitaka kuharibika vilevile. Wiki iliyopita lori lilishusha pikipiki mpya mlangoni, keria tupu, masanduku yakiwa bado ndani ya nailoni. Mkuu wa Kitengo akakohoa, akarekebisha tai, akasogea. “Mzee wangu,” akaanza, “hivi unaonaje kama...” na hakuna aliyekuwa pale ambaye hakujua maneno hayo yanaelekea wapi. Nilimtazama Mzee Keria. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Uso wake haukuwa na furaha wala kinyongo, ulikuwa uso wa mtu anayepanda ngazi ileile tena. Roho iliniuma, nikataka kupiga kelele.

Tinga ndiye aliyeiwahi drili. Aliichukua mezani bila kumwomba mtu, akasema kwa sauti ya juu, “Hizi tunafunga sisi. Mzee apewe kiti.” Kiti kililetwa mbiombio. Mzee Keria alikaa pembeni kabisa, kama mgeni asiye na uhakika wa mwaliko. Kilichofuata kilikuwa aibu tupu. Tinga alitoboa, akakosea, akatoboa tena. Alihitaji mtu wa kuzuia vichwa vya bolti kwa ndani huku yeye akikaza nati kwa chini, na aliyekuwa karibu ni Mkuu wa Kitengo, hivyo Mkuu akaingiza kichwa na tai yake ndani ya sanduku na kubaki humo muda mrefu, akiuliza kama bado. Kila drili ilipolia, Mzee alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akarudi. Mikono yake aliibana katikati ya magoti.

Sanduku lilipokamilika lilikuwa limeshika barabara, hilo halina ubishi. Ila limekaa upande, kushoto kumepanda, na mtu yeyote analiona tangu getini. Mzee Keria aliinuka polepole, akalisogelea. Spana ilikuwa juu ya benchi, karibu na mkono wake. Akalitazama sanduku, akamtazama Tinga aliyelowa jasho, akamtazama Mkuu aliyechafuka tai. Halafu akapita. Akaenda bombani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akachukua koti lake, akatuaga kama mtu anavyoaga jioni yoyote. Mkuu wa Kitengo alibaki ameinamisha kichwa, na hakumwita.

Mzee wetu, kwa niaba ya madereva wote, ya maabara, na ya wagonjwa wasiokujua ambao damu yao ilifika bila kumwagika, asante. Asante pia kwa wifi yangu, aliyetuazima mume wake kupita kiasi. Tunawatakia usingizi wa kutosha, chumba chenye upepo, na asubuhi zisizo na mtu wa kuwahitaji. Pikipiki zilizobaki tutazifunga wenyewe, kwa makosa yetu. Na ukipita barabarani ukaliona lile sanduku la Tinga, bado limekaa upande. Liache.