Mjomba wa Polaraiza na Likizo Asiyoichukua

Baada ya miaka thelathini na minne nyuma ya kaunta ya lenzi, Mjomba anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Katika muda huo duka letu la kamera limebadilisha mabango, rangi za kuta na wakurugenzi kadhaa. Yeye amebadilisha miwani tu.

Aliajiriwa kufuta vioo katika chumba cha ukarabati, akawa muuzaji, kisha mkuu wa kitengo cha lenzi na filta. Wauzaji wengi mnaowaona leo wamepita mikononi mwake, na hata waliomzidi umri humwita Mjomba. Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kumtoa mteja nje kabla ya kumuuzia chochote. Mtu akiulizia polaraiza, yaani ile filta ya kuzungusha inayokata mng'ao, Mjomba humpeleka kando ya barabara, amwelekeze kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, amwambie azungushe polepole. Mng'ao unaondoka, na dereva aliyelala ndani anaonekana mdomo wazi. Dereva mmoja aliwahi kushuka kwa hasira akauliza kama sisi ni polisi. Mjomba akamjibu kwamba polisi wangekuwa wameshamwamsha.

Mimi niliyeombwa kuandika haya nilikuwa mwandishi wa vipeperushi vya duka, na nilistaafu kabla yake. Kwa miaka mingi tulibishana juu ya filta hiyo. Nilishikilia kwamba mwenda likizo haihitaji: inakula mwanga, ukitumia lenzi pana anga linatoka jeusi upande mmoja, na mtu mwenye watoto wanaokimbilia maji hana muda wa kuzungusha kioo. Kwenye kipeperushi nikaandika kwamba kazi hiyo itamalizwa na kompyuta nyumbani. Mjomba alikisoma kwa sauti mbele ya wateja, kisha akawauliza kama kompyuta yangu nayo ilikuwepo likizoni.

Sasa naandika nikiwa kitandani, mwanangu akinishikia karatasi, na madaktari wameacha kunizungumzia habari za mwezi ujao. Kwa hiyo niseme wazi. Mjomba yuko sahihi, ingawa si kwa yote. Bluu ya anga kompyuta inaweza kuikoleza. Lakini mawe yaliyo chini ya maji, yakifunikwa na mng'ao, hayakuingia kwenye picha tangu mwanzo, na hakuna mashine ya kuyarudisha. Tena watu wa likizo hutembea mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo maji na majani vinang'aa kupita kiasi. Anayekwenda penye maji, na ana subira, anunue. Anayepiga kwa simu huku anatembea, au anayengoja jua lizame, asijisumbue. Na anayetaka mlima uonekane kichwa chini ziwani aivue kabisa, maana itamfutia picha yake.

Haya niliyajua zamani. Sikuyakubali kwa sababu ubishi ule ulinipa kisingizio cha kupita kwenye kaunta yake kila asubuhi. Kama ningekubali, tungezungumza nini?

Msimu wa likizo ndio msimu wetu wa kazi. Ndiyo maana mtu aliyewaandaa wengine kwa safari za maziwani hajawahi kukaa kando ya ziwa lolote na mkewe. Hata polaraiza yake mwenyewe hana. Ukimuuliza, anasema ataitumia wapi.

Tukaamua kumpa moja kama zawadi ya kumuaga. Mkewe, shemeji yangu mshonaji, akapima mdomo wa lenzi yake kwa utepe wa nguo, na binti yangu akaenda dukani na kipimo hicho. Mjomba akakataa kuuza. "Mwanangu, hili si gauni, tutabana hapa tulegeze pale. Lete lenzi yenyewe." Lenzi yenyewe ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. Ikabidi Shemeji achomoe kifuniko chake, ambacho kwa ndani kimeandikwa namba, na binti yangu akarudi nacho. Mjomba akakisoma, akamsifu kwa kutumia akili, akamuuzia. Kisha akashinda wiki nzima akipekua droo na kuwatuhumu watu wa ukarabati kwamba wamemwibia kifuniko.

Filta tunayo, na tiketi za safari ya ziwani zipo. Lakini juzi Shemeji alinipigia simu. Mjomba amemwambia safari isogezwe hadi nitakapopata nafuu, na kwamba naendelea vizuri. Mimi, anapokuja kukaa nami kila alasiri, ananiambia wanaondoka mwezi ujao kama ilivyopangwa. Anatudanganya wote wawili, tena kwa upole uleule anaomwambia mteja kwamba kamera yake ya zamani bado inafaa.

Kwa kuwa wasifu huu utasomwa mbele ya ukumbi mzima, naye ameketi kiti cha mbele na mkewe pembeni, leo hawezi kunikatiza. Shemeji, nafuu anayoisubiri haiji. Usimkubalie kusogeza hata siku moja.

Mjomba, kwa niaba ya wote uliowafundisha, na wateja waliorudi na picha walizojivunia, ahsante kwa kazi safi na kwa vicheko. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usio na kengele, na siku ndefu pamoja na mwenzako.

Mdogo wangu, nenda. Simu ya habari zangu ikikufikia ukiwa huko, usifungashe mizigo. Wanangu nimeshawaambia wasikusubiri, na wamekubali. Mmalizie Shemeji likizo yake kwanza, ndipo mrudi.