Gitaa Lililonipiga Madhabahuni

Bwana asifiwe, wapendwa wa Nanyala! Asifiwe tena! Lakini semeni amina taratibu, maana mimi niliyesimama hapa bado sijaelewa vizuri ninashuhudia nini. Mniruhusu niseme tu, huenda mkanisaidia.

Mimi ni mkulima wa kahawa kule Iyula, na kanisani kwetu Mlowo ndimi mpiga gitaa la solo. Gitaa langu nililipata Tunduma kwa Mzee Hamisi, anayeuza vyombo vya muziki vilivyotumika. Ndugu zangu, lilikuwa zuri! La umeme, lakini la umbo lile la zamani, rangi ya maziwa iliyogeuka manjano kidogo, na vifundo vikubwa kama vya redio ya babu. Nililijaribu palepale dukani, juu ya kapeti, na buti zangu miguuni. Likalia tamu mpaka nikasahau kilichonipeleka Tunduma. Mke wangu, Mama Neema, aliponiona naingia nalo nyumbani akasema, "Haya, na huyu naye atalala upande gani wa kitanda?"

Nyumbani halikuwa na neno. Shida ilianza kanisani.

Kwetu, anayepanda madhabahuni anavua viatu, ni mahali patakatifu. Na Jumapili asubuhi akina mama wanapiga deki ile sakafu ya saruji, ibada inaanza bado ina majimaji. Basi nimepanda, miguu mitupu, nimechomeka gitaa kwenye spika yake, kugusa nyuzi tu, paa! Kitu kikanipiga kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nikaruka, nikapiga kelele. Kanisa zima likaitikia, "Haleluya!" Walidhani nimeshukiwa na Roho! Na mimi nikajiuliza, kwani sivyo? Nilikuwa sijawahi kushukiwa, ningejuaje?

Jumapili iliyofuata, paa tena. Lakini jioni kwenye mazoezi ya kwaya, mahali palepale, halinigusi. Nyumbani navaa ndala zangu, naliweka mapajani, limetulia kama paka. Nikachanganyikiwa kabisa. Nikasema moyoni, Mungu hanitaki madhabahuni kwake. Nikatubu dhambi zote nilizozikumbuka, nikatubu na nyingine ambazo hata sijui zinatendwaje. Paa! Nikarudi Tunduma kumuuliza Mzee Hamisi kama gitaa lile lina mambo. Akanishangaa. "Mwanangu, mimi nalipiga hapa kila siku halijaniuma. Labda halipendi kanisa." Akacheka sana. Yeye alikuwa anatania, lakini mimi neno lile nikalibeba mpaka Iyula.

Wakati huo nilikuwa na maombi mawili. La kwanza, gitaa liniache. La pili lilikuwa la Mama Neema. Alikuwa mjamzito, na miguu yake ilivimba, viatu vyote vikamkataa, akabaki na zile ndala zangu za mpira, na kuzivua ni kazi. Kliniki walikuwa wanamwangalia. Nikafunga, nikaomba: Baba, shusha uvimbe huu! Kimya. Na ombi la gitaa, kimya. Nikasema, jamani, Mungu huyu ananisikia kweli?

Mchungaji wetu, mtu ninayempenda, akaona mambo yamekuwa mazito. Akatangaza kwamba gitaa lina pepo. Litaombewa madhabahuni likiwa limewashwa, ili tumsikie pepo akitoka, kisha litachomwa moto nje. Ndugu zangu, nililia. Mwingine ataona ni kipande cha mbao tu. Lakini mimi siku niliyolishika ndipo nilijua mikono yangu haikuumbwa kwa ajili ya jembe peke yake. Na sasa nilipeleke motoni mwenyewe!

Siku ikafika. Nimepanda nalo, nimelishika kwa mkanda tu, narudi kinyumenyume, nyuzi naziogopa. Mchungaji akasema mke na mume ni mwili mmoja, basi Mama Neema alishike kwa niaba yangu. Nikasema hapana, mimi nitaweza. Mama Neema akanisukuma kando. "Toka hapo, utaanguka nalo."

Mchungaji akamwambia, "Mama, vua ndala kwanza."

"Mchungaji, hizi zikitoka hazirudi. Mungu anaiona hii miguu."

Watu wakacheka, mchungaji akamwachia. Akalishika. Akapitisha mkono kwenye nyuzi zote kwa nguvu, likanguruma kanisa zima. Akabaki amesimama vilevile! Mchungaji akashangaa, akaweka mkono wake juu ya nyuzi ili aombe, naye miguu mitupu kwenye majimaji. Wapendwa! Mchungaji aliruka mpaka Biblia ikaenda upande wake!

Mama Neema akamtazama. Akatazama sakafu. Akatazama ndala zake. Akasema, wala hakupaza sauti, "Jamani, huu si umeme?"

Wakaniletea ndala, nikavaa, nikashika nyuzi. Salama! Gitaa halikuchomwa. Baadaye akaja fundi, akakuta ile spika inavujisha umeme hadi kwenye nyuzi, na kanisa zima halina waya wa kuupeleka umeme ardhini. Akatuambia ule umeme ungeweza kuua mtu. Nilipomsimulia kwamba mke wangu alilishika, tena mjamzito, yule fundi aliweka bisibisi chini. Akaniuliza, "Miguuni alivaa nini?"

Sasa nisaidieni, ndugu zangu. Mimi nimefunguliwa kutoka kwenye nini? Pepo hakuwepo. Wengine wananiambia, zimekuokolea mke ndala, mshukuru aliyezitengeneza. Sawa! Lakini alizivaa kwa nini? Kwa sababu ya ule uvimbe. Uvimbe nilioufungia, nikaulilia, nikamnung'unikia Mungu kwa ajili yake. Angenisikia siku ile niliyoomba, Mama Neema angepanda pale miguu mitupu, kwenye maji, na mtoto tumboni.

Mtoto mwenyewe ndiye huyo analia pale nyuma mgongoni kwa mama yake. Usimtoe nje, Mama Neema, mwache alie!

Sielewi, na sijifanyi kuelewa. Wewe uliyekuja leo na ombi ambalo halijajibiwa, njoo tumtegemee Bwana pamoja, hivyohivyo tukiwa hatuelewi. Asante, Yesu, kwa lile ulilonikatalia! Sasa mniwie radhi, ngoja nivae ndala, tuimbe.